Moshi Kwenye Nyasi

Juzi binti yangu alifungua ukurasa wa michezo niliouchora kwenye jarida la watoto. Ni kilima cha wino, kwa mtindo wa Kijapani, na msomaji anatakiwa atafute nyumba iliyojificha. Hapo hapo akagusa moshi. "Hii hapa. Kuna mtu anapika."

Mimi, nilipokuwa na umri kama wake, nilishindwa kuiona nyumba kwenye mchoro kama huo. Mwalimu wetu kutoka Japani alikaa kwenye nyasi kwetu Endagikot, akachora kilima chetu kwa wino ulionuka masizi. Nyumba yetu ilikuwa imechimbwa kwenye mteremko, paa lake la udongo limeota nyasi. Kwenye karatasi niliona nyasi, moshi na weupe mtupu. Nikadhani ametusitiri aibu.

"Mwalimu, umeiacha nyumba yetu kwa sababu haina bati?"

"Hapana," alisema, akinionyesha moshi. "Mama yuko hapa, anapika."

Kumbe mama alikuwa nyuma yetu, amekuja kumkaribisha mgeni ndani. Alikuwa amenisikia. Alilitazama paa lake kama la mtu mwingine, akafuta mikono kwenye kanga.

"Basi, mwalimu," akasema taratibu, "chai nitakuletea hapa hapa nje."