Filamu ya kriketi ilivyoninyang'anya maiki yangu Karatu

Wakuu, kwema humu? Hii sio chai, mashahidi ninao banda zima.

Mimi ni DJ wa kutafsiri movie kwenye banda la video hapa Karatu. Picha inaenda, mimi pembeni na maiki naweka Kiswahili. Hiyo maiki ndiyo jina langu mjini. Hata bodaboda wa Rhotia wananiita DJ tu.

Jumapili moja mchana watu wamejaa wanasubiri mpira. Mvua ikapiga, dishi likakata. Wakaanza kugonga mabenchi!

Nikachomeka flash aliyoniachia rafiki yangu tour guide. Kuna documentary ya michezo, nikabonyeza play. Sikuipitia kwanza, na kwa DJ hilo ni kosa kubwa.

Kumbe kriketi. Aisee! Kriketi naijulia wapi mimi?

Nikajikaza hivyo hivyo. Nchi ya timu inayoonyeshwa imechafuka: maandamano, mabomu ya machozi, wachezaji wake wanaingizwa uwanjani kwa mlango wa nyuma. Mpigaji mmoja, kijana tu, duka la mama yake limechomwa jana yake. Mama anaonyeshwa anafagia majivu. Banda likaacha kugonga mabenchi.

Mechi yenyewe wanachapwa. Kwa nilivyomsikia mtangazaji, wapigaji kumi wakitolewa mmekwisha, na tisa walishatoka, kabaki yule kijana na mwenzake mmoja. Mikimbio, yaani pointi zao, bado themanini washinde! Nikatangaza kwa mbwembwe: "Hawa tushawazika! Wakishinda, maiki hii sishiki tena!"

Mbele alikaa yeyo mmoja wa Nainokanoka, mama wa Kimaasai anayeleta maziwa mjini. Aliingia kujikinga mvua tu. Kiingereza hajui hata yes.

Akanigeukia: "Wewe DJ, umemwangalia usoni huyo? Huyo hajamaliza."

Nikamcheka kwenye spika. "Yeyo, hapa hatuchungi ng'ombe!" Banda zima likacheka na mimi.

Weee! Kijana akaamka. Paa! Mpira nje ya uwanja, kumbe ndiyo pointi zenyewe. Paa! Nje tena. Watu wakapanda juu ya mabenchi, wanashikana mabega, na hakuna anayejua hata inavyohesabiwa. Mimi nikaacha kutafsiri, napiga kelele tu: "Piga, baba, piga!" Mwili ulinisisimka, nikasahau kabisa kuwa nashangilia kupokonywa maiki.

Wakashinda. Mama wa kijana akaonyeshwa kainua ufagio juu. Banda likalipuka, halafu likanigeukia: "Maiki! Maiki!"

Mdomo uliponza kichwa. Nikampelekea yeyo mwenyewe.

Akasema, "Rudisha pale mama anafagia." Akatafsiri kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kimaa, anasoma nyuso tu: "Mwanangu, duka nitajenga mimi. Wewe nenda ukapige." Watu wazima walifuta machozi, wakuu. Mimi na Kiingereza changu pale nilikuwa nimesema, "Huyu anafanya usafi."

Siku hizi Jumapili maiki anashika yeye. Mimi nabonyeza play na kumbebea dumu la maziwa hadi stendi. Bodaboda sasa wananiita Remote.

Nilichojifunza: usimzike mtu ambaye hujamtazama usoni.

Haya, nani mwingine humu mdomo wake ulishamvua cheo? Funguka, nisichekwe peke yangu.