Picha ya Tangi la Mashimoni

Zamani somo langu kuhusu simu lilikuwa fupi: leta hapa. Nilifundisha Kiswahili gredi ya nane katika shule ndogo ya mabati pale Kibera, na simu yoyote niliyoiona darasani niliifungia kabatini mpaka mzazi aje. Jioni nilivuka Barabara ya Ngong kwa miguu kurudi kwangu Kawangware, nikiamini nimetimiza wajibu. Kumbe huko nyumbani wanafunzi walishika simu za mama na kaka zao, na darasa zima lilikuwa na grupu ambamo mimi sikuwamo.

Nililijua grupu hilo siku mtu alipompiga picha mwenzake amesinzia kinywa wazi. Picha ilizunguka mpaka mwenyewe akakataa kuja shuleni. Ndipo nikaachana na kabati, nikaanza kufundisha. Nilibandika karatasi kubwa ukutani, nikawaambia hili ndilo grupu letu. Mwenye neno aliliandika kwenye kijikaratasi, akatia jina lake, akakibandika mbele ya macho ya wote. Mwanzoni walicheka. Baadaye wakaanza kupima maneno, maana si rahisi kumwita mtu nyani na huku mmesimama bega kwa bega mkigombea gundi. Kufikia katikati ya muhula nilijiona bingwa.

Kisha ikaja picha ya panya.

Ilionyesha tangi la maji limefunguliwa, panya mfu akielea ndani. Chini yake maandishi: "Maji ya Mashimoni hayo, kioski cha karibu na kanisa. Msinywe! Tuma kwa kila mtu." Mashimoni ni mtaa wa humo humo Kibera, kioski cha maji cha karibu na kanisa kilikuwa kimoja tu, na mwenyewe alikuwa mama mmoja wa kutoka Kitui, mzazi wa msichana mmoja wa darasa langu, aliyekaa karibu na mlango.

Msichana huyo alikosa shule siku mbili. Ya tatu alikuja, na alipoketi, jirani yake akasogeza kiti. Mtu nyuma akalia kama panya. Darasa likaangua kicheko. Yeye aliinamisha kichwa tu, akafungua daftari na kuanza kuandika tarehe.

Nilipiga meza kwa kiganja. "Nani aliileta hiyo picha kwenye grupu lenu?"

Nilikuwa tayari kuwapa wote adhabu, wakati kiranja wa darasa aliposimama. Huyu ndiye niliyemsifu kila wiki, msichana wa Makina mwenye mwandiko wa kupendeza na adabu zake.

"Ni mimi, Madam," akasema. "Nilidhani nasaidia watu wasiugue."

Hakumtukana mtu. Hakuvunja sheria hata moja ya zile nilizowafundisha. Nami nilijua jambo ambalo wao hawakulijua: picha ile ile ilikuwa kwenye simu yangu. Jirani wa Kawangware alinitumia, nami nikamtumia dada yangu kabla chai haijapoa. Ningeweza kunyamaza. Nilitazama yule mtoto wa mlangoni, nikaona haya.

"Na mimi niliituma," nikawaambia.

"Wewe, ticha?" akauliza mmoja, macho yamemtoka.

"Mimi. Sikuuliza imetoka wapi. Basi kuanzia leo tunajifunza pamoja, hata mimi."

Mwalimu mkuu hakufurahi nilipoomba ruhusa ya kutumia simu darasani. "Unataka kufundisha au kupeleleza?" akaniuliza. Nikamwambia safari hii ni kitu kimoja. Akanipa kipindi cha Ijumaa alasiri, simu moja, yangu, na onyo.

Ijumaa hiyo niliikuza picha kwenye skrini, simu ikapita mkono kwa mkono. Niliwaambia wamsahau panya, watazame vingine vyote. Mvulana wa Gatwekera ambaye baba yake ni fundi wa mabomba aliishika muda mrefu kuliko wenzake.

"Hii si ya Mashimoni," akasema. "Tangi hili limezikwa kwa simiti. Huko matangi yote yako juu ya vyuma. Nimeenda na buda kufunga mabomba."

Ndipo msichana wa mlangoni alipofungua kinywa mara ya kwanza tangu arudi. "Letu ni jeusi. Hilo ni la bluu. Na letu lina kufuli, ufunguo mathe anauvaa shingoni."

Darasa likavuma. Watu walikuwa wameitazama picha ile mara ngapi, na hakuna aliyeona rangi ya tangi!

Kazi ya nyumbani ilikuwa moja: muulize aliyekutumia, alitumiwa na nani, naye amuulize wake. Jumatatu nilichora mishale ubaoni. Kiranja alitumiwa na shangazi yake. Shangazi aliipata kwenye grupu la akina mama wanaouza mboga. Huko ilitoka kwa kinyozi mmoja, naye aliipata kwa binamu yake aliye mji mwingine kabisa. Kinyozi akamuuliza, binamu akajibu kwa ujumbe wa sauti, nasi tukasikiliza tumejikunyata kuzunguka simu: picha ilikuwa ya zamani, ya mahali alipowahi kufanya kazi ya mjengo, na yeye aliandika tu watu waangalie maji wanayokunywa. Jina la Mashimoni liliongezwa njiani. Na nani? Hatukujua, na hatujajua mpaka leo. Lakini uongo tulikuwa tumeushika mkia.

Tukaanza kuandika masahihisho, na ubishi ukazuka. Mmoja alitaka tuanze na "Nyinyi wajinga mliotuma uongo."

"Mimi nikiitwa mjinga sisomi hata mstari wa pili," kiranja akasema. "Andika tulikosea. Kwani hatukukosea?"

Wakaandika hivyo. Lakini mvulana wa Gatwekera akasema maneno matupu hayatoshi, watu waliona picha, basi nao waonyeshwe. Niliomba ruhusa kwa wazazi wao, na Jumamosi asubuhi nikaenda Mashimoni na watatu: yeye, kiranja na msichana wa mlangoni.

Mama wa kioski alikuwa amekaa peke yake juu ya mtungi uliopinduliwa. Mabomba yote makavu, hakuna aliyekuja kuchota. Hakusimama.

"Mwalimu, ni hao watoto wa shule yako walioniharibia jina. Sasa mnataka nini tena?"

Nilianza kueleza, kiranja akanitangulia. Alisogea mpaka mbele yake, mikono nyuma. "Mama, mimi ndiye niliyetuma kwa darasa. Sikuuliza. Naomba unisamehe. Nimekuja tulisafishe jina lako."

Yule mama akamgeukia binti yake, naye binti akaitikia kwa kichwa. Mama akavua ufunguo shingoni, akampa mvulana. "Panda," akasema. "Panda uone kila kitu. Na usiniongezee wala kunipunguzia."

Mvulana alipanda ngazi na simu yangu, akafungua kifuniko, akarekodi maji mpaka chini, safi, jua likicheza ndani yake. Kisha mama akakinga kikombe, akanywa chote bila kupumzika, akajifuta mdomo na leso. Nyuso za watoto hatukuzionyesha. Hilo walilikumbuka wenyewe kabla sijasema.

Tulikubaliana kila mmoja aitume video, pamoja na "tulikosea" yake, kwa watu wale wale aliowatumia picha. Mimi nilianza na dada yangu. Alinicheka vizuri sana, kisha akaituma mbele. Kiranja aliituma kwa shangazi, shangazi kwa akina mama wa mboga, na mmoja wao akajibu kwa sauti iliyojaa kelele za soko: "Haki tumemkosea huyo mama. Kesho nachota kwake."

Hakuwa peke yake. Wiki iliyofuata nilipita Mashimoni saa nane mchana, nikakuta mitungi ya njano imepangwa kuanzia kioski hadi ukuta wa kanisa, wenyewe wakipiga soga kivulini. Darasani, msichana wa mlangoni alikuwa amehamia dawati la mbele, ameketi na kiranja, na mwalimu mkuu alikuwa ameniomba nipeleke somo lile gredi ya saba, akiongea kana kwamba wazo lilikuwa lake. Sikumsahihisha.

Ijumaa mama mwenyewe alikuja shuleni, leso kiunoni, akasimama mlangoni nikiwa katikati ya sarufi.

"Mwalimu, sikai," akasema, akijaribu kukunja uso na kushindwa. "Nimekuja kuwaambia hawa watoto kitu kimoja. Leo nimefunga saa nne asubuhi. Maji yameisha!"

Darasa lote likasimama, likapiga makofi na kugonga madawati mpaka mabati yakatetemeka, nami nikipiga makofi pamoja nao.