Mama Uzi na Swali la Mlangoni

Alizaliwa katika chumba cha kufulia, msimu wa mvua nyingi, wakati mashuka ya watu yalikuwa yametundikwa ndani kwa sababu nje hakukukauka kitu. Mama yake alikuwa dobi, na bibi yake vilevile. Kitu cha kwanza alichokiona duniani, wasema waliomfahamu, ni mwanga uliopenya nguo nyeupe, na maisha yake yote alipenda kukaa chini ya kamba za nguo, macho nusu yamefumbwa, kana kwamba kuna mtu anamsubiri upande wa pili. Watakatifu wengine hutanguliwa na ishara kubwa. Huyu alitanguliwa na harufu ya sabuni.

Kwao kila familia iliyoleta nguo ilikuwa na rangi yake ya uzi, na dobi aliushona ndani ya kola kabla ya kuloweka, ili kila nguo irudi kwa mwenyewe. Nguo isiyo na uzi iliishia kuwa tambara la kupigia deki. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina la Mama Uzi, na uzi wa nyumba yao ulikuwa wa buluu. Akiwa msichana, mchana mmoja wa Majilio, alisinzia chini ya mashuka akasikia sauti ya upole ikimwuliza, “Huyu ni wa nani?” Akatazama huku na huku, asione mtu. Akajibu, “Sijui.” Alipomsimulia padri, padri alicheka kidogo, akamshauri apunguze kulala mchana. Lakini swali lile halikumtoka moyoni.

Tusimpambe kupita kiasi. Alikuwa na ulimi mkali, na wateja waliochelewa kuchukua nguo zao waliujua vizuri. Mumewe alifariki mapema, akabaki na binti mmoja. Ndipo alipoitwa mwashi kuwajengea ukuta wa uani. Alikuwa fundi hodari akiwa hajalewa. Siku zile alikuwa amelewa, akapunguza saruji na kuongeza mchanga. Ukuta ulimwangukia yule binti akianua nguo, akafa, na mwashi akafungwa. Mwashi alipotoka gerezani mkewe alikuwa ameshaondoka na ndugu zake wamemkana. Mama Uzi akimwona njiani, alivuka barabara. Kanisani, wakati wa Baba Yetu, alipofika penye kusamehe alifunga mdomo, kisha akaendelea na wenzake kwenye maneno yanayofuata. Alimchukia, na hakuficha.

Ikaja Kwaresima ya mwaka wa homa. Wagonjwa waliwekwa katika ghala kuukuu la pamba, na kwa kuwa wauguzi wengi walikuwa wamekufa, bawabu hakumpokea mgonjwa asiye na ndugu wa kuingia naye. Aliyeingia hakuruhusiwa kutoka mpaka mgonjwa wake apone au azikwe. Asiye na mtu aliachwa barazani. Asubuhi moja Mama Uzi na wifi yake walipeleka mashuka safi, wakamkuta mwashi amelala pale chini, midomo imepasuka kwa homa. Bawabu, kitambaa puani, alikuwa akiwauliza wapita njia, “Huyu ni wa nani?”

Mama Uzi alisimama kama mtu aliyeamshwa. Sauti ya bawabu ilikuwa ya kukwaruza, haikuwa ya upole hata kidogo, lakini swali lilikuwa lilelile.

“Wangu,” akasema.

“Wifi, akili zimekuruka?” Wifi alimshika mkono. “Huyu si ndiye aliyemuua mwanao?”

“Najua. Si nilimzika mimi?”

Papo hapo alivuta kola yake, akaufumua uzi wa buluu kwa meno, akautia kwenye sindano aliyotembea nayo siku zote, akaushona kwenye kola ya mwashi. Aliogopa sana. Kisha akaingia naye, na mlango ukafungwa.

Mle ndani mashuka yalitenganisha kitanda na kitanda, na mwanga ulipita humo mweupe, kama ule wa utotoni mwake. Mwashi alipopata fahamu na kumtambua, aligeuzia uso ukutani.

“Mama, mimi sistahili.”

“Nani kakuuliza kama unastahili? Fumbua mdomo, unywe.”

Jioni moja mwashi alimsikia Mama Uzi akisali Baba Yetu polepole. Alipofika penye kusamehe hakufunga mdomo, akayatamka maneno yote. Mwashi akalia. Ndivyo alivyofanya Bwana wetu, aliyetuita wake tukiwa bado barazani, akaingia mahali petu akijua atakavyotoka.

Mwashi alipona. Mama Uzi alishikwa na homa, akafariki baada ya Pasaka. Waliokufa bila alama ya uzi wa kwao walizikwa pamoja katika shimo moja, basi bawabu akageuza kola ya Mama Uzi, akakuta vitundu vya sindano tu.

“Huyu ni wa nani?”

Mwashi akainuka, akijishika ukutani, akageuza kola yake mwenyewe.

“Mimi ni wake.”

Kwa uzi huo Mama Uzi alilazwa kando ya binti yake. Mwashi hakurudi nyumbani. Mpaka homa ilipokwisha alimwingiza kila aliyeachwa barazani, akisema ni ndugu yake, na bawabu akaacha kubishana naye. Wauguzi husema kwamba mpaka leo, mgonjwa asiye na mtu anapozidiwa, shuka la kando yake hutikisika pasipo upepo na chumba hunukia sabuni. Naandika nilivyoambiwa. Sisi tuliobatizwa tulishashonewa uzi, na uzi huo ulitoka kwenye kola ya mwingine. Basi tukipita penye baraza, tukaulizwa huyu ni wa nani, tusijibu kwamba hatujui.