Jiwe Lililoungana Mikononi Mwangu

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, ndipo anisikilize. Haya niliyaona mimi mwenyewe, mchana kweupe, nimeshiba na akili zangu zote ninazo.

Nafanya kazi kwenye ghala la mizigo ya ndege, Malton, jirani na uwanja wa ndege wa Toronto. Majira ya baridi ya mwaka juzi tulipokea jiwe la kale lililokuwa linarudishwa kwao Bolivia. Lilitoka kwenye uwanja wa ibada uliojengwa kabla Mzungu hajafika Amerika. Lilikuwa limevunjika vipande viwili, lakini uchongaji wake, jamani! Kona zimenyooka kama za friji jipya, vitundu vyembamba vimefuatana kwenye mstari mmoja. Watu wale walitumia nini? Mtaalamu aliyelisindikiza alifungua kreti, lile sanduku lake la mbao, akaniomba mimi na Neema, dada wa Kikongo anayeendesha foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, tumlindie, akaenda kumwita mkaguzi.

Hapo nikamwona mama mmoja amechuchumaa kando ya kreti. Kofia ya duara, sketi nzito, kama akina mama wa Bolivia kwenye picha, na miguu mitupu. Miguu mitupu, Januari, Toronto!

"Mama, huku wageni hawaingii," nikamwambia kwa Kiingereza.

Akanijibu kwa Kiswahili cha kwetu Tabora: "Nishikie hapa, mwanangu. Usisukume."

Wewe ungefanyaje? Nikashika. Akapitisha kiganja kwenye ufa, taratibu, kama anayempangusa mtoto uso. Jiwe likapata joto, vipande vikasogeleana vyenyewe.

"Yesu wangu! Dada, toa mikono!" Neema akapiga kelele.

Nikaitoa. Kuinua macho, mama hayupo.

Mtaalamu aliporudi aliutafuta ufa kwa tochi, kisha kwa ukucha, kisha kwa wembe. Wembe haukupata pa kuingia. Akakaa sakafuni.

"Nani ameunganisha?"

"Tulikuwa watatu hapa," Neema akamjibu.

Neema aliacha kazi wiki ileile. Sasa anahudumia wazee, na ukimuuliza atakusimulia hivihivi. Mimi bado nipo, mzima. Ila ncha za vidole vyangu zimekuwa laini kama kioo, hazina mstari hata mmoja. Simu hainitambui. Nilipokwenda kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya kibali cha ukaazi, binti wa mashine alijaribu kidole baada ya kidole, akanitazama usoni, akaenda kumwita mkubwa wake.

Basi nakuasa, ndugu yangu: mtu wa namna hiyo akikuomba umshikie kitu, muulize kwanza yeye ataondoka na nini.