Script ya Kate ilivyokataliwa na database ya ubatizo, kesho yake harusi ya mdogo wangu

Wakuu, habari za mchana. Kisa hiki ni changu mwenyewe na chumvi sijatia. Majina tu nimebadilisha.

Niko Sumbawanga, kazi yangu kompyuta. Parokia yetu iliniomba niingize vitabu vya ubatizo kwenye database, ikakaa kwenye kompyuta ya ofisi hapa. Parokia moja ya upande wa Kate nikawawekea script: paroko anaandika jina, script inakuja kuuliza huku, cheti kinatoka kule.

Mdogo wangu Oliva alibatizwa hapa, ila alikuwa anaolewa kule, Jumamosi. Bila cheti cha ubatizo hakuna ndoa.

Alhamisi mama anaondoka kwenda harusini, nikamwambia, "Mama, makaratasi ya nini? Mfumo upo."

Kiburi, wakuu. Ile script nilikuwa nimeijaribu kwenye kompyuta ya hapa hapa tu.

Ijumaa saa sita Oliva akapiga simu analia. Script imekataliwa, na paroko wa kule amesema mwisho saa kumi. Picha ya simu hataki, aliwahi kuletewa ya kughushi.

Nikampa user wangu, yaani akaunti ambayo script inaingilia kwenye database, anaitwa msomaji, ruhusa upya. Ikakataa. Nikampa tena. Ikakataa. Jasho linanitoka, na baridi yetu mnaijua. Nikaanza kuandika ile alama ya asilimia, nikasema kwa sauti, "Mashine yoyote duniani iingie, liwalo na liwe."

Katekista wetu, Mzee Deusi, alikuwa meza ya pili anapanga vitabu.

"Anakataliwa nani?"

"Msomaji, mzee. Na ruhusa nimeshampa."

"Msomaji wa wapi?"

Nikamgeukia. Akafungua kitabu kimoja. "Humu nina akina Oliva wanne. Nikimwandikia cheti Oliva wa Chanji, yule wa Kate amepata? Na mlango usiuache wazi, baba. Humu kuna watoto hawakuandikiwa baba zao."

Niliona aibu. Database nayo inamtambua mtu kwa jina na anakotoka. Ruhusa zote nilikuwa nampa msomaji wa localhost, yaani wa kompyuta ile ile. Msomaji anayetokea mashine ya Kate, kwa database ni mtu mwingine, haijawahi kumsikia.

Nikamfungulia huyo akaunti yake, kwa anwani ya mashine yao kwenye VPN, ule mtandao wa siri unaounganisha ofisi zetu mbili, ruhusa ya kusoma tu.

Saa tisa na nusu Oliva akapiga tena. Safari hii anacheka.

Jumamosi baada ya misa mama akaniita pembeni, akafungua mkoba. Cheti cha Oliva, na muhuri wa parokia juu. Alikichukua parokiani kwetu Alhamisi ile ile kabla ya kupanda basi.

"Mama, ulikuwa nacho muda wote?"

"Nilisema nikupe mpaka saa kumi, mwanangu."

Nikamsaidia kufunga mkoba.

Basi wakuu, kabla ya GRANT, ile amri ya kutoa ruhusa, jiulize script inatoka host gani, yaani mashine ipi, na majaribio kayafanyie huko huko. Wenzangu ambao mashine zenu hazina anwani ya kudumu, mnafanyaje? Nifundisheni.

Na mama akitaka kubeba karatasi, mwache abebe.