Madoa kwenye Taulo za Buluu

Dobi alikuwa mtu wa maneno mengi, na asubuhi ile aliyamwaga yote. Taulo tatu za buluu za nyumba ya wageni zilikuwa na madoa meupe, na mteja mwenyewe, mwenye nyumba hiyo, kasimama mlangoni na wateja wenzake. Dobi akamgeukia Bi Mkubwa, mama aliyefua naye miaka kumi na minane.

"Umezimwagia dawa ya kung'arisha! Macho yamekwisha, nenda kapumzike kwako!"

Bi Mkubwa alizitazama taulo, akamtazama binti wa dobi aliyekuwa akikunja mashuka, akavua aproni na kuondoka. Dobi akasema anayenyamaza amekiri. Mwenye hasira hujiona ana akili sana.

Jumapili aliingia chumbani kwa bintiye kuchukua nguo chafu. Chini ya godoro akakuta foronya ya zambarau, ina madoa yaleyale. Binti, miaka kumi na sita, akajifunika uso kwa viganja.

"Ni krimu ya chunusi, baba. Daktari alinionya inachubua rangi ya nguo, ninawe mikono nikishapaka. Jioni ya kuamkia siku ile nilipaka kwa kujificha nyuma ya duka, ukaniita nikunje taulo kabla sijanawa."

"Mbona hukusema?"

"Mbele za watu, na uso huu?"

Dobi alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaenda kwa Bi Mkubwa, akamkuta barazani anashona kifungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chunusi za mtoto zinapungua?"

"Kumbe ulijua!"

"Mimi dawa namimina kwa kopo. Yale madoa ni ya vidole. Ningesema pale, wote wangemkodolea macho usoni, na mtoto wa umri ule haya ingemmaliza."

Dobi akakosa pa kuuweka uso wake. "Nisamehe, mama."

"Nisafishe palepale uliponichafulia jina, mbele ya walewale. Ila mtoto usimtaje."

Jumatatu wateja walipojaa, dobi, ambaye hajawahi kukosea tangu azaliwe, alikohoa mara tatu.

"Zile taulo niliziharibu mimi. Bi Mkubwa hana kosa."

Mwenye nyumba ya wageni akaangua kicheko. "Kumbe macho yaliyokwisha ni yako!"

Duka zima likacheka. Nyuma yake bintiye aliacha kukunja, akamtazama.

"Ni yangu," dobi akasema.