Mashine ya Kanda ya Baba Inageuzwa ya Kuangulia Vifaranga

Admin, weka hii lakini jina langu lifiche kabisa, maana majirani zangu wengi wako kwenye hii page na ni watu wa kusema. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, nimeolewa hapa Kitale, kwetu ni Bungoma. Nina hasira mpaka chakula hakishuki.

Marehemu baba alikuwa na mashine ya kanda, zile za zamani zenye magurudumu mawili makubwa, kanda inatoka huku inajiviringisha kule. Aliipenda kuliko ng'ombe wake. Kati ya watoto wote ni mimi pekee niliyeruhusiwa kuigusa. Alinifundisha kuisafisha ndani kwa pamba na spiriti, na kupitisha kanda bila kuikunja. Mume wangu hunicheka, ati alioa mwili tu, moyo niliuacha kwa redio.

Kuna kanda moja ya mama. Mama alifariki nikiwa darasa la pili. Baba alimrekodi jikoni akipepeta mahindi, anaimba, halafu anakatiza wimbo kuniita nitoke kwenye moshi. Sauti yake nyingine haipo popote. Na msiniulize mbona sikuinakili mapema. Baba alikataa, alisema sauti ya mke wake haitatembea kwa simu za watu.

Baba alipofariki mwaka jana, siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi wazee waligawa vitu vyake, kama ilivyo desturi yetu. Kufika kwa mashine, mzee mmoja akasema, "Hii redio ipewe mpwa wa marehemu. Mpwa hanyimwi." Huyo mpwa ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, anafuga kuku kule Lwakhakha. Nikasimama kueleza kwamba si redio. Nikaambiwa, "Wewe uliolewa, kaa chini. Hizo kanda chukua, ni zako." Yaani kufuli wakanipa mimi, ufunguo wakampa mwingine, na wakaona wametenda haki!

Nimebembeleza binamu miezi na miezi anikubalie nicheze kanda hiyo moja tu, nirekodi. Leo stima imepotea, kesho ako Kapsokwony. Wiki jana nikafunga safari bila kumwambia mtu, kanda kwenye mkoba. Nikakuta mashine imefunguliwa mgongo, imejaa manyoya ya kuku.

"Fundi amesema mota yake inazunguka pole pole," akaniambia akicheka. "Iko sawa ya kugeuza mayai kwa incubator. Jumamosi ya wiki ijayo anakuja kutoa."

"Ndugu yangu, hiyo ndiyo inasoma sauti ya mama. Nipe nusu saa tu niiwashe."

"Ati uniharibie mota? Hapana bana. Hii kitu nilipewa mbele ya watu. Si ulikuwa?"

Nikamwambia nitamnunulia mota nyingine, hata incubator nzima. Akampigia kaka yangu mkubwa. Kaka akaniambia kwa simu, "Kitu ya siku ya kunyoa hairudishwi. Ukirudisha, unaambia wazee hawakugawa vizuri. Ukitoka na hiyo mashine, usikanyage hapa nyumbani tena." Nililia njia nzima mpaka Kitale. Mume wangu naye akasema ninyamaze, amani ya familia ni bora kuliko mashine. Studio za hapa mjini nimezunguka zote, vijana wanaitazama kanda wanacheka. Mwenye mashine kama hiyo sijampata.

Sasa jana mke wa binamu amenipigia kwa siri. "Dada, mimi pia nilizika mama. Ijumaa mzee wangu anaenda soko. Ukiiwasha hapa majirani watasikia wamwambie, kwa hivyo kuja uchukue, nitasema sikuona." Nikienda, nitakuwa mwizi kwa ndugu zangu, na huyo mama wa watu ndiye atabaki akiulizwa na mume wake. Nikikaa, Jumamosi fundi anafika na bisibisi yake.

Binti yangu ana jina la mama. Juzi aliniuliza nyanya yake alikuwa anaongeaje. Nikajaribu kumwigiza vile alivyokuwa ananiita nitoke kwenye moshi, na sauti iliyotoka ilikuwa yangu mwenyewe. Ya mama nimeitafuta kichwani nikaikosa.

Leo ni Jumatano. Niambieni bila kunionea haya, niende au nikae?